Ng'ombe wa Arobaini na Saba

Mustapha, mwenye duka la kopi karibu na stendi ya Bariadi, alikuwa na tabia ya kumpa kila mteja cheo anachokitamani. Fundi cherehani alimwita Mkurugenzi. Mgambo alimwita Kamanda. Ng'washi binti Mayige, ambaye mwaka huo ulikuwa wa sita akiusotea uzamivu, alimwita Dokta, na kila alipomwita hivyo Ng'washi alitamani kumrushia kitu.

"Dokta, leo barua inakwenda wapi?"

"Dodoma."

"Juzi si ilikuwa Mbeya?"

"Mbeya hawajajibu."

"Na Morogoro?"

"Morogoro wamejibu. Wamesema asante kwa kuonyesha nia."

Mustapha akacheka, si kwa ubaya, akaanza kutoa kopi za vyeti ambavyo sasa alivijua kuliko vya wanawe. Nyuma yake mashine kubwa ya mabango ilikuwa inasubiri. "Hebu nisaidie macho," akasema, akageuza kompyuta. "Hili bango la watu wa chuo, wanalifuata saa nane. Nikichapisha na kosa nalipa mimi. Soma uniambie."

Ng'washi akasoma. MRADI WA CHANJO YA CHAMBAVU, KATA YA NGULYATI. KAYA 62, NG'OMBE 744. MTAFITI MKUU: DKT. CONSTANTINE. Pembeni palikuwa na picha ya Constantine mwenyewe, miwani imetulia puani, anatabasamu kama mtu aliyezaliwa na shahada mkononi.

Kaya hizo sitini na mbili Ng'washi alizizunguka kwa miguu mwaka wa kwanza wa utafiti wake. Constantine, mwanafunzi mwenzake, alimfuata kwa pikipiki kwa sababu viatu vyake havikupatana na tope. Baadaye akamwomba faili la takwimu, "nijifunzie tu jinsi ya kupanga, dada." Haukupita mwaka, faili likatokea kwenye jarida likiwa na jina la Constantine na la profesa aliyewasimamia wote wawili. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutia kwa tochi, walimshukuru Bi. Ng'washi, mkalimani.

Ndiyo, mkalimani! Na siku ya usaili wa kazi ya uhadhiri kule Mwanza, mwenyekiti wa jopo, Profesa Benedikta, aliinua jarida lile lile akamwuliza kwa upole, "Lakini binti, hii kazi yako si imeshafanywa na mwenzako aliyekaa hapo nje?" Mwenzake aliyekaa hapo nje ndiye aliyepata kazi, kwa matazamio ya miaka miwili. Ng'washi alirudi Ngulyati na bahasha yake.

Basi akaiangalia ile 744. Hiyo namba ilikuwa uongo, na katika dunia nzima ya wasomi ni yeye peke yake aliyejua ni uongo wa namna gani. Kwa wazee wa Ngulyati ng'ombe hahesabiwi mbele ya mgeni. Ukitaja idadi umewaita mchawi, mwizi na serikali kwa sauti moja. Mzee ambaye mifugo yake ikivuka barabara magari yanazima injini atakuambia bila kupepesa macho kwamba ana tisa, na wawili wanaumwa. Ng'washi aliligundua hilo baada ya wiki mbili, akamwambia Constantine, "Wazee hawajatuambia kweli, tungoje." Constantine akamjibu, "Dada, data ni data."

Yeye alingoja. Alikaa kiangazi kizima kando ya lambo, miezi minne juani, hamwulizi mtu kitu, anahamisha punje ya mahindi kutoka mfuko huu kwenda ule kila ng'ombe aliposhusha kichwa kunywa. Alipata elfu mbili mia tisa na ushee. Kiangazi hicho ndicho kilichomchelewesha, na kuchelewa huko ndiko kulikompa Constantine kazi.

"Kuna kosa, Dokta?" Mustapha akauliza.

Ng'washi aliisikia raha ikimpanda taratibu kutoka tumboni.

"Hakuna kosa," akasema. "Chapisha."

*

Nyumbani kwao kuna zizi la miiba, nyumba ya bati na jiko la nje. Jioni moja, wiki moja baada ya bango, mama yake, Nyanjige, alikuwa ametoka kisimani na neno lake moyoni, na ilikuwa lazima litoke kabla ya ugali.

"Mke wa Mwandu ameniuliza tena. Ati, shule ya binti yako haina kengele ya kutoka? Wa kwake aliishia kidato cha nne, sasa ni askari, amemjengea jiko."

"Mwambie kengele imeibiwa, mayu," Ng'washi akasema.

Mzee Mayige alikohoa kuyamaliza hayo. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya josho, mtu wa maneno machache, na kwa ada za binti yake alikuwa ameuza mitamba bila kusema kila alipouza. Safari hii alikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha vizuri.

"Wiki hii nimezunguka kaya zote," akasema. "Nimewaambia dawa inayokuja ni ya binti yangu."

"Si yangu, baba. Ni ya Constantine."

"Yule kijana wa pikipiki? Si alikuwa msaidizi wako?"

"Alikuwa."

"Basi ni yako." Akamega tonge. "Watu walikuwa wanasita. Luhaga alitaka kupeleka watatu tu, azuge macho ya watu. Nikamwambia, mtoto huyu amekaa kwenye lambo letu miezi minne, na mpaka leo hakuna ng'ombe wa mtu hata mmoja aliyetajwa ofisini. Mtoto wa hivyo haleti kitu kibaya. Leteni wote. Mvua zinakaribia, na ugonjwa wa chambavu huua ng'ombe mvua zikianza, hauchagui."

"Wote, baba? Wamekubali?"

"Wamekubali wote."

Mwenye moyo mwepesi angeona haya hapo. Ng'washi hakuona. Aliona josho limejaa pembe mpaka barabarani, na katikati yake Constantine na kisanduku chake cha barafu. Akachovya tonge kwenye mlenda, na tangu barua ya Morogoro ilipofika, hiyo ilikuwa mara ya kwanza chakula kuwa na ladha kinywani mwake.

*

Zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya siku ya chanjo, alikuja Goodness. Huyu alikuwa afisa mifugo mpya wa kata, binti wa Kilimanjaro, mwenye miezi mitatu tu Simiyu, na alikuwa bado anaamkia watu "mwangaluka", salamu ya asubuhi, saa kumi jioni. Aliegesha pikipiki, akakataa maziwa, kisha akayapokea alipoona Nyanjige amenuna.

"Dada Ng'washi, nimekuja kwako kwa sababu wewe ni mwenyeji. Hizi dozi zinazokuja ni za ng'ombe mia nane. Nina wasiwasi. Juzi nilikuwa kwa Mzee Luhaga, yaani pale peke yake..."

"Uliwahesabu?"

"Nilianza. Mke wake akaniletea kiti, akakiweka kinatazama ukuta."

Ng'washi akacheka kwa dhati.

"Mimi nacheka mwenyewe," Goodness akasema, "ila nisaidie. Nikiandika barua leo, tunaongezewa kabla ya siku yenyewe. Nikichelewa hapo, basi. Dawa hii si ya kuagiza leo ukapata kesho. Wewe umefanya utafiti hapa. Zinatosha hazitoshi?"

Swali ni hilo, na liliulizwa kwa Kiswahili kilichonyooka, mchana kweupe. Daftari la lambo lilikuwa ndani, kwenye sanduku la bati, hatua kumi kutoka pale walipokaa. Hakuhitaji hata kulifungua. Angesema tu "hazitoshi" na maziwa yakaendelea kunywewa. Wala haikuwa lazima kutaja ng'ombe wa mtu. Nasema hivi ili baadaye asije mtu akamtetea kwamba alikuwa anatunza siri ya wazee. Alikuwa anatunza kisasi chake.

"Takwimu hizo zimechapishwa kwenye jarida," akasema. "Zimepitiwa na maprofesa. Mimi ni nani? Mimi ni mkalimani."

Goodness akamtazama, asijue kama ni mzaha. Akamaliza maziwa, akashukuru, akawasha pikipiki. Barua haikuandikwa.

*

Siku ya chanjo Constantine alifika na gari la chuo saa moja na nusu, shati limepigwa pasi, Profesa Benedikta kando yake amevaa kofia pana. Bango la Mustapha lilikuwa limefungwa kwenye nguzo za josho. Ng'ombe walikuwa wamefika kabla yao. Walikuwa wamejaa uwanja, wamejaa njia, na vumbi la wengine lilikuwa linaonekana linakuja kutoka upande wa bonde.

"Ng'washi!" Constantine akamnyooshea mikono kama ndugu waliopoteana. "Umependeza. Bado tu unasukumana na tasnifu? Vumilia, itaisha. Sasa, mama, tuokoe, Kisukuma unakijua. Shika kipaza sauti utafsiri."

Akakabidhiwa kipaza sauti mbele ya kata nzima. Akatafsiri. Alitafsiri kila neno: utafiti wa kina, takwimu za uhakika, kaya sitini na mbili, ng'ombe mia saba arobaini na nne. Aliposema namba hiyo kwa Kisukuma, kicheko kidogo kilipita kwa wazee kikafa. Constantine akadhani wamefurahi.

Kazi ikaanza. Goodness na wenzake wawili walichoma sindano vizuri, ng'ombe wakipita kwenye uchochoro wa mbao. Luhaga alitangulia na wake, na walipopita hamsini Constantine akatazama saa. Walipopita tisini akaacha kutazama saa. Kufikia saa nne, kaya tisa tu zikiwa zimepita, Goodness alifungua kisanduku cha mwisho, na kabla ya saa tano alisimama, sindano tupu mkononi.

"Zimeisha," akasema.

Mwandu, yule mwenye mtoto askari, akapiga kelele kutoka nyuma, na baada yake kila mtu. Constantine alipanda juu ya ukuta wa josho, jasho linapita chini ya miwani. "Wazee, jamani! Nyie wenyewe mlituambia! Mzee Luhaga, wewe kwenye dodoso ulisema una tisa! Tisa!"

Ng'washi akatafsiri. Luhaga akaegemea fimbo, akajibu polepole kwa Kisukuma, na watu wakaangua kicheko cha hasira.

"Anasemaje?" Profesa Benedikta akauliza.

Ng'washi alikileta kipaza sauti karibu na mdomo. Alikuwa ameingoja sentensi hiyo kwa miaka mitatu, akaitamka kwa uangalifu. "Anasema: ulikuja na pikipiki, hukuniamkia, hukukaa, hukula kwangu, ukaniuliza mali yangu. Hata mkwe wangu simwambii. Wewe ulikuwa nani wangu?"

"Lakini haya ndiyo yaliyomo kwenye makala!" Profesa akamgeukia Constantine. "Ndiyo tuliyowapelekea wafadhili."

Constantine alishuka ukutani, akamsogelea Ng'washi. "Ulijua."

"Nilikuambia. Ukasema data ni data."

"Ungenikumbusha, Ng'washi. Hata kwa simu tu."

"Mkalimani hasemi lake."

Profesa Benedikta alisikia, na hakuwa mjinga. Alimtazama huyu, akamtazama yule, akavuta kofia usoni. "Wewe binti," akasema, "una takwimu nyingine?"

"Nina daftari. Nilikaa lamboni miezi minne."

"Jumatatu niletee Mwanza. Bila majina ya watu."

Gari la chuo liliondoka limefuatwa na matusi. Constantine alikaa kiti cha nyuma, na bango hakuna aliyelikumbuka. Ng'washi alibaki joshoni na raha yake. Kama kungekuwa na ngoma angecheza. Alitaka kumtafuta baba yake amwambie: umeona, baba? Umeona alivyoshuka ule ukuta?

Akamwona mbali kabisa, kwenye kivuli cha mgunga, nyuma ya kila mtu. Alikuwa na Masalu, kaka yake Ng'washi, na ng'ombe wao wote. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na alama ya rangi begani waliyopakwa waliochanjwa.

"Baba, mbona mmekaa huku?"

Mzee Mayige alimshangaa. "Ningekaa wapi? Aliyeita watu hatangulizi wake. Si mimi niliyewaita?"

Sura ya nne ya tasnifu ya Ng'washi ina kurasa mbili nzima juu ya jambo hilo. Ameeleza humo vizuri sana, kwa Kiingereza kizuri, jinsi mtu anayeita wenzake lamboni au joshoni anavyonywesha na kuogesha mwisho, na hilo ndilo linalowafanya watu waitike. Profesa wake alikuwa ameandika pembeni: safi. Alikuwa ameyaandika yote hayo, na katika wiki zote hizo za kuchekelea hayakumjia hata mara moja.

"Zitaletwa nyingine," akasema, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza.

"Goodness amesema mwezi mzima," Masalu akajibu. "Na mvua ni hii inakuja."

*

Ng'washi alikwenda Bariadi kesho yake akazunguka maduka yote ya dawa za mifugo. Hakuna. Akapiga simu Maswa, akapiga Nassa. Wote waliokosa chanjo walikuwa wamepiga kabla yake. Jumatatu akaenda Mwanza na daftari, wakalinakili, akarudi nalo. Jumatano mvua ikanyesha, nzuri, ya kupandia pamba.

Chambavu iliingia kwao siku ya tisa. Haikushika wazee wala wakondefu. Ilishika ndama walionenepa na mitamba ya kwanza, wale ambao mtu akiwatazama anaona kesho. Asubuhi mmoja anachechemea, paja limevimba, na Masalu akilibonyeza linatoa mlio kama nailoni inayominywa. Jioni amelala. Nyama yake hailiki, inafukiwa. Walifukia wawili, wakafukia watatu, na mke wa Mwandu, ambaye kwake pia walikuwa wamekufa wanne, alikuja kusaidia kuchimba na hakuuliza kitu juu ya shule.

Walipofikia kumi na mmoja, ugonjwa ukasimama wenyewe, kama mgeni aliyeshiba.

Siku hiyo hiyo, saa sita mchana, simu ya Ng'washi ikalia. Ilikuwa ofisi ya Profesa Benedikta. Constantine amesitishwa matazamio yake, makala imeondolewa jaridani, nafasi iko wazi, na jopo limeridhika. Ng'washi aripoti tarehe moja, tasnifu ataimalizia akiwa kazini. Alisema asante, tena asante. Alipokata simu, baba yake alikuwa amesimama mlangoni pa zizi na jembe lenye udongo mbichi.

"Umepata?"

"Nimepata, baba."

"Ya yule kijana?"

"Ya yule kijana."

Mzee akalaza jembe chini. "Goodness alipita hapa jana ulipokuwa kwa Mustapha. Alikuwa analia. Anasema alikuja kukuuliza kama dawa inatosha."

Nyanjige, aliyekuwa anapepeta mtama jikoni, akasimamisha ungo.

Ng'washi angeweza kusema mengi. Alikuwa na miaka sita ya shule ya kusema mengi. "Alikuja," akasema.

"Ulijua haitoshi?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu bango. Kwa Mustapha."

"Kabla sijazunguka kwa watu."

"Kabla, baba."

Alingoja apigwe, na angeshukuru kupigwa. Mzee Mayige hakumgusa. Alikaa kwenye gogo la kukamulia, akafuta mikono kwenye magoti.

"Lete lile daftari la lambo. Na kalamu."

Akalileta. Akalifungua juu chini, akaligeuza.

"Kaya yangu umeandika wangapi?"

Lilikuwa jambo ambalo hawakuwahi kuzungumza maishani, yeye na baba yake. Hata mama yake hakuwahi kulisikia likisemwa.

"Soma."

"Arobaini na sita," akanong'ona.

"Umekosea." Mzee akainua sauti, na njiani Mwandu aliyekuwa anapita akasimama, kwa maana sauti hiyo ilikuwa ya mtu anayetangaza mnada. "Walikuwa arobaini na saba! Mayige wa Ngulyati alikuwa na ng'ombe arobaini na saba! Leo ana thelathini na sita! Kila mtu asikie, hakuna tena cha kuficha."

"Baba Masalu, jamani," Nyanjige akasema, ameziba mdomo kwa khanga.

"Wa arobaini na saba hukumwona lamboni kwa sababu nilimweka kwa Luhaga. Dume jekundu. Niliona mitamba inavyokwisha kwa ada, nikasema huyu simuuzi, huyu ni wa siku binti yangu atakapovikwa kofia ya udaktari. Nikamficha ili na wewe usimjue." Akatazama makaburi kumi na moja ya udongo mwekundu nje ya boma. "Luhaga alitangulia siku ile. Kwa hiyo yule amechanjwa. Katika ng'ombe zangu zote, amechanjwa yeye tu. Mzima kabisa, amenona."

"Tumuuze, baba. Tununue mitamba. Au mshahara wangu wa kwanza..."

"Atachinjwa siku hiyo. Watu nitawaalika, na wote waliofiwa na ng'ombe watakuja. Wewe utakaa mbele na kofia yako. Utawagawia nyama kwa mkono wako, kaya hadi kaya, na mimi nitakula mwisho." Akagonga daftari kwa kidole chenye udongo. "Sasa andika vizuri. Watu wa chuo wasije wakasema takwimu zako zina uongo."

Ng'washi akakata arobaini na sita, akaandika arobaini na saba. Baba yake akabaki ameinama juu ya ukurasa, anasubiri wino ukauke.